Amplifaya Aliyokuwekea Mjomba Wako

Achieng mwanangu,

Salamu nimekwishakupa asubuhi kwenye chai, na wewe ukaniachia kikombe chako nikioshe kama kawaida yako, kwa hiyo tuingie kwenye maneno. Umeenda kusukwa nywele, na kusukwa kwako najua si kwa chini ya saa tano. Mama yako yuko kanisani na wenzake wanapanga maombi ya kukuaga kesho. Nyumba yote ya Migosi nimeachiwa mimi na masanduku yako. Nimeyasukuma pembeni, nimekaa kwenye meza ya kulia, naandika mchana kweupe kama mtu anayefanya mtihani.

Barua hii nitakupa mkononi, na ninakuomba uisome kabla hujapanda gari la kukupeleka kazini Busia. Usingoje uisome njiani. Kisian ni hapo tu, hujamaliza ukurasa wa kwanza umefika, na ukishafika kwa mjomba wako utakuwa umechelewa.

Habari za kuchemsha maji, za kufunga mlango mara mbili, za wanaume wa mpakani wenye maneno matamu, hizo mama yako na shangazi zako wamekwisha kukuhubiria mpaka zimekutoka puani. Mimi sina la kuongeza. Mimi nataka tuzungumze juu ya amplifaya. Najua utacheka. Cheka, halafu urudi hapa.

Jumapili mezani mama yako alisema kwa furaha kwamba mjomba wako Oluoch amekuwekea amplifaya ya zamani, ya Kijapani, utaichukua kesho ukipita Kisian uende nayo kwenye nyumba yako mpya. Wewe ukatabasamu mpaka jino la mwisho. Mimi nikainamia sahani. Ukaniuliza, "Baba, mbona umenyamaza?" Nikasema mfupa umenikwama. Achieng, tulikuwa tunakula ugali na sukuma wiki. Hakukuwa na mfupa.

Kitu cha kwanza kilichoniuma ni kwamba hukuniuliza mimi. Tangu ukiwa mdogo umeniona nikitega sikio kwenye redio, nikikueleza hili ni gitaa la mbele, lile ni la besi, msikilize huyu anavyojibizana na mwenzake. Leo unataka chombo cha kusikilizia muziki nyumbani kwako, unampigia simu mjomba. Huo ni wivu wa mzee, nisamehe. Lakini kilichonifanya nishindwe kumeza si wivu. Mimi pia niliwahi kuletewa amplifaya na Oluoch. Unaikumbuka. Ni ile iliyo juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha meza, ile ambayo siku zote nimekwambia iliunguzwa na stima.

Haikuunguzwa na stima. Nilikudanganya, na sasa nakueleza yote, kwa sababu nikikwambia kwa mdomo nitaanza vizuri na nitamaliza kwa kelele. Unanijua.

Kiu ya amplifaya niliipata Sondu kabla sijamwoa mama yako. Nilikuwa dereva wa gari la mikate, na kila siku ya soko nilishusha kreti zangu kwenye hoteli ya mama mmoja karibu na daraja. Mama yule alikuwa na amplifaya ya chuma yenye uso wa fedha, kuukuu, imepigwa na moshi wa jikoni miaka na miaka. Haikupiga kelele. Hilo ndilo lililonishangaza. Wateja walizungumza, vijiko viligonga vikombe, na bado ungeweza kusikia kidole cha mpiga besi kikiachia waya. Nilikuwa nimezoea redio za kioski, zile ambazo ukiongeza sauti unaongezewa kelele. Pale ilikuwa kama wanamuziki wamekaa meza ya pili wanangoja chai yao. Nilichelewesha mikate ya watu wa Kericho mara nyingi kwa sababu ya hoteli ile, na bosi wangu akanikata mshahara zaidi ya mara moja.

Nikajiambia, siku moja nitakuwa na ya namna ile sebuleni. Si ya disko, si ya kutisha majirani. Ya kukaa nayo jioni na kusikia watu wakipiga vyombo vyao.

Miaka ikapita, nikaoa, ukazaliwa. Mjomba wako alikuwa tayari ni fundi Kisian, kibanda kimejaa matumbo ya redio. Ndiye aliyekuwa akinifundisha. Tulikaa nje ya kibanda chake tukinywa soda, akanieleza kwamba amplifaya za zamani hazinunuliwi kwa taa zake wala kwa namba kubwa zilizoandikwa mbele. "Ora," ananiita hivyo, yaani shemeji, "hizo namba ni za kudanganya watu wa harusi. Wewe inua. Transfoma ya ukweli ni nzito. Kama ni nyepesi, wachana nayo." Nikaona ni maneno ya mtu mwenye akili. Hata kuku wa sokoni unamnunua kwa kumwinua. Na si uongo, Achieng, uzito ni dalili nzuri. Niliishika dalili hiyo nikaacha zote nyingine, na aliyenipa alijua kwamba nimeishika.

Siku moja akanipigia simu kwamba imepatikana. Mzungu fulani alihama, akamwachia mpishi wake, mpishi akaiuza. Oluoch akaja nayo mwenyewe hapa Migosi, imefunikwa kwa leso, mama yako akachinja jogoo. Aliiweka juu ya meza hii hii ninayoandikia. Uso wa fedha, vitufe vya chuma vizito vya kuzungusha, taa ya rangi ya chai. Ilikuwa dada ya ile ya Sondu.

"Inua, ora. Pima mwenyewe."

Nikainua. Mgongo ulilia.

"Hii ni original kabisa," akasema. "Hakuna mtu amewahi guza ndani. Hata skrubu ni za Japan."

Sasa nataka unielewe vizuri hapa, kwa sababu vijana wa siku hizi mtasema mzee alikuwa mjinga. Sikuwa mjinga. Nilikuwa shemeji. Kwetu ora akikuletea kitu nyumbani kwako, na kuku yuko mezani, huwezi kukigeuza chini juu ukikichungulia kama mwizi. Huwezi kumwambia apunguze bei. Huwezi, Mungu apishe mbali, kuchukua bisibisi na kufungua kifuniko mbele yake. Utakuwa umemwambia yeye na ukoo wake wote kwamba ni waongo, na mkeo atalala kwao usiku huo. Nililipa alichotaja, nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka barabarani. Niliziona zile skrubu nyuma zikiwa zimechubuka vichwa. Niliziona kwa macho yangu, nikaangalia pembeni.

Skrubu zilizochubuka si kosa. Chombo cha umri ule lazima kimewahi kufunguliwa na fundi, tena ni afadhali, maana kapasita zake, vile vikopo vya kutunza umeme, huvimba na kukauka na lazima zibadilishwe. Kosa ni mtu kukwambia haijawahi kuguswa na ushahidi uko hapo umekutolea macho. Mtu akikwambia, "hii niliifungua, nikabadilisha hiki na hiki, hiki bado kina ugonjwa," huyo kaa naye, hata kama chombo chake ni kibovu.

Basi nikaanza kuishi nayo. Kwa sauti ya chini ilisikika vizuri. Nilipoongeza kidogo tu ikaanza kupasuka, besi ikawa nyembamba kama uji wa hospitali. Je, nilisema amplifaya ni mbovu? Thubutu! Nikasema ni spika. Nikanunua spika nyingine. Nikasema ni stima ya Migosi, inapanda na kushuka, nikanunua stabilaiza. Nikasema ni kanda zimechakaa. Nikasema ni ukuta, nikahamisha makochi, mama yako akanung'unika kwamba sasa jua linampiga usoni. Mtu unayempenda akikudanganya, unalaumu dunia nzima kabla hujamlaumu yeye.

Na wewe, uliyekuwa darasa la tano, ulikuja na daftari lako ukasimama pale mlangoni ukasema, "Baba, mbona inalia kama simu?"

Nilikufukuza, Achieng. Nilikwambia uende ukafanye hesabu zako na usiingilie vitu usivyovijua. Ulikuwa mtu pekee katika nyumba hii aliyesema kweli juu ya chombo kile, na nilikukaripia mpaka ukalia. Sijawahi kukuomba radhi. Nakuomba leo, kwa maandishi, ili uwe na ushahidi.

Sasa nikwambie juu ya Bwana Salim. Unamjua kama yule mzee wa duka la vitambaa anayekusalimia kwa adabu kuliko mchungaji. Huenda hukumbuki kwamba alikuwa rafiki yangu wa kuingia hadi ndani. Alikuwa anakuja hapa Jumamosi na santuri za babu yake, aliyetoka pwani akafika Kisumu na mizigo ya reli na asirudi tena. Kila Idi sahani ya pilau ililetwa mlangoni kwetu imefunikwa vizuri, na Krismasi nilimpelekea samaki. Alisikia amplifaya yangu kwa sauti ya chini, nami nikaisifu, nikamsifu na Oluoch, nikasema hakuna fundi kama shemeji yangu kutoka hapa mpaka mpakani. Salim akasema naye anataka. Nikampeleka Kisian kwa mguu wangu mwenyewe.

Salim hana undugu na Oluoch. Alifika nyumbani na amplifaya aliyouziwa, akachukua bisibisi akafungua siku hiyo hiyo. Kesho yake akaja hapa, akaweka juu ya meza kipande cha chuma cha reli kilichofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

"Baba Achieng," akasema, "hiki nimekikuta ndani, mahali pa transfoma. Matumbo yote yametolewa. Kuna kibao kidogo kama cha redio ya mtoto. Hebu nieleze, na yako iko hivi?"

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia yangu ni nzima. Sikuwa nimeifungua hata siku moja. Nilisema ni nzima, tena nikaongeza kwamba labda fundi mwingine ndiye aliyemchezea. Nilitetea jina la shemeji, na jina langu mimi niliyemsifu. Salim akakichukua kile chuma chake akaondoka, na tangu siku hiyo hajakanyaga tena mlango huu. Ananisalimia barabarani, salamu zote, za watoto, za kazi, hazipungui hata moja. Sahani ya Idi ndiyo haikuja tena.

Alipotoka tu nikafunga mlango nikafungua yangu.

Ndani hamkuwa na chuma cha reli. Mlikuwa na mawe mawili ya mizani, yamefungwa kwa mpira ule ule wa baiskeli. Na kwenye mawe yale mlikuwa na alama ya rangi nyekundu ya kucha.

Wewe ulikuwa mdogo, labda hukumbuki mama yako akiuza mchele wa Ahero sokoni. Wanawake wa soko huweka alama kwenye mawe yao ya mizani yasichanganyike na ya jirani, na mama yako alipaka ya kwake rangi ya kucha, nyekundu, duara dogo. Mawe mawili yalikuwa yamepotea. Aliniambia yameibwa. Nilikwenda mwenyewe mjini nikamnunulia mengine, na nilimtukana sana yule mwizi. Na kumbe mwizi niliyemtukana nilimchinjia jogoo, na mawe yenyewe nikayaweka sebuleni, nikayafunika kitambaa ili vumbi lisiyaguse.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba utakipangusa vumbi kila Jumamosi.

Mama yako alirudi akanikuta nimeyashika, moja mkono huu na moja mkono huu. Nikamuuliza, "Ulijua?" Alisimama na kikapu chake kichwani, hakukitua.

"Aliniomba mawe," akasema. "Hakuniambia ni ya nini."

"Na ulipojua ni ya nini?"

"Wuon Achieng, yule ni ndugu yangu wa tumbo moja. Alikuwa na shida. Ningefanya nini, nimuaibishe kwako? Funga hiyo kitu, watu wataona."

Nikafunga. Ndiyo, mimi huyu mwenye hasira za karibu, nilichukua bisibisi nikarudisha skrubu moja moja huku yeye ameshika kifuniko. Nikapanda kiti nikaiweka juu ya kabati. Ulipotoka shule nikakwambia stima imeiunguza, na mama yako akaitikia. Hatujawahi kuizungumza tena, yeye na mimi. Oluoch aliendelea kuja Krismasi, anainua macho kabatini, anasema, "Pole, ora, stima ya hapa ni mbaya." Nami namkaribisha soda.

Nampenda mama yako. Usisome barua hii ukadhani vingine. Lakini kuna mahali ndani yangu ambapo sijamwingiza tangu siku ile, na yeye anajua, na huwa anapita pembeni. Ningepiga kelele jioni ile, labda tungegombana wiki mbili tukamaliza. Kunyamaza kwangu ndiko kulikoifanya iwe ya kudumu.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini mimi nilifanya zaidi ya kushtuka, nilikwenda kusoma. Nilikaa na fundi mmoja mzee nyuma ya soko, asiye na undugu na mtu, nikamwuliza kila kitu ambacho ningepaswa kumwuliza Oluoch. Alinifundisha kuiwasha kwanza bila wimbo wowote, kupeleka sikio karibu na spika na kuongeza sauti polepole. Ikivuma kwa nguvu ilhali hakuna kinachopigwa, ina ugonjwa. Kitufe kikikwaruza unapokizungusha, hilo ni vumbi, husafishwa, usitishike. Lakini upande mmoja ukizimika na kurudi kwa kugongwa, iambie kwaheri. Usiifunge kwenye spika zako nzuri siku ya kwanza, maana amplifaya mbovu huziunguza spika kimya kimya. Iache iimbe nusu saa nzima, usikubali dakika tano za dukani, halafu iguse kwa juu. Joto la mwili si neno. Ukishindwa kuacha mkono hapo, kuna kitu kinaiva ndani. Inuse pia. Harufu ya kuungua haifutiki, mtu akiifunika na manukato ndiyo mbaya zaidi.

Na uende na wimbo unaoujua vizuri, ulioukulia. Mwenye duka atakuwekea wimbo wake, wenye besi ya kutikisa bati, ili usisikie kasoro. Wewe weka wako. Nyumba yako mpya ni chumba na sebule, huhitaji nguvu za kuita mkutano. Unahitaji chombo ambacho kwa sauti ya chini, ukiwa unakatakata vitunguu, utamsikia mpiga besi anavyoachia waya.

Hayo ningeweza kukwambia bila ya kukufungulia aibu za nyumba hii. Nilikusudia iwe hivyo. Jumatano nikabadili nia.

Jumatano nilikwenda dukani kwa Salim. Nilikuwa nimeona kwamba nikitaka kukwambia wewe ukweli, lazima kwanza nianze na yeye niliyemdanganya. Nilimkuta anapima kitambaa. Nikamwambia yote pale pale, nimesimama, ya mawe na ya rangi ya kucha. Nikamwambia siku ile nilimdanganya, yangu pia ilikuwa imetolewa matumbo, nilikuwa namfichia shemeji.

Akaacha mkasi mezani.

"Kwa hiyo hukupata fungu lako?" akaniuliza.

"Fungu gani?"

"Baba Achieng, kabla sijaja kwako na kile chuma, mimi nilirudi Kisian nikamkabili yule bwana. Aliniambia ni wewe uliyenileta kama windo, mkapanga pamoja, na fungu lako ulikwisha kulichukua. Alisema, muulize ora mwenyewe. Nilikuja kukuuliza. Ukaniambia yako ni nzima."

Miaka yote ile, Achieng. Nilidhani Salim ananiona mtu mwoga aliyemtetea shemeji yake. Kumbe alikuwa ananiona mwizi, na kila asubuhi alimsalimia mwizi yule kwa adabu, akamuulizia watoto wake. Nilichinja jina langu kwa ajili ya Oluoch, na yeye alikuwa amekwisha kuliuza kabla sijalileta. Nilimwapia Salim pale pale. Sijui kama aliniamini. Alinipa kiti na maji ya kunywa, akasema atafikiri.

Nilirudi kwa miguu, nikamkuta mama yako anakukunjia shuka. Nikamwambia kitu kimoja tu: "Min Achieng, huyu mtoto asichukue chombo cha Oluoch." Hakuinua uso.

"Hawezi kumfanyia mtoto wa dada yake," akasema. "Wewe ni wewe. Achieng ni damu."

Wewe ni wewe! Nimeishi na mwanamke huyu tangu nikiwa na nywele zote kichwani, na hilo ndilo jibu.

Mwanzoni nilitaka nikukataze kushuka Kisian. Nimeandika ukurasa mzima wa kukukataza, nikauchana. Kisha nikakumbuka kitu ambacho hasira ilinisahaulisha. Mimi kwao ni ora, ndiyo sababu mikono yangu ilifungwa. Wewe si ora. Wewe ni okewo, mtoto wa dada yao. Okewo akienda kwa wajomba zake anaingia mpaka jikoni, anafunua sufuria, anakamata kuku aliyemtaka, na hakuna wa kumkemea. Wakigombana wenyewe kwa wenyewe, okewo ndiye huitwa aseme lile ambalo wao hawawezi kuambiana. Kitu nilichokatazwa mimi na desturi, wewe umeruhusiwa na desturi hiyo hiyo.

Kwa hiyo shuka Kisian. Msalimu, kunywa chai yake, maana anakupenda na sitaki kusema hakupendi. Halafu mwambie, "Nera, mjomba wangu, nipe bisibisi." Usimwombe ruhusa na usimweleze sababu. Fungua kifuniko akiwa amesimama hapo. Usimtazame usoni, atakuchekesha, mjomba wako ni hodari wa kuchekesha. Tazama ndani. Transfoma ni donge la chuma lenye nyaya za shaba zimezungushwa, limefungwa kwa nati kwenye sakafu yake, na vumbi lake limelingana na vumbi la vingine. Ukikuta kitu kimefungwa kwa mpira, rudisha kifuniko, mshukuru kwa chai, panda gari uende kazini kwako. Usimtukane. Safari hii nitasema mimi, mbele ya mama yako, mbele ya ukoo wao, na wakiniita mkwe asiye na adabu nitaitika.

Lakini mwanangu, huenda ukafungua ukaikuta nzima. Mama yako anaapa itakuwa nzima. Ikiwa hivyo ichukue, ni halali yako, uisikilize kwa furaha. Ila nipigie simu uniambie kweli. Usinionee huruma ukanitungia kasoro. Maana ikiwa nzima, nitajua kwamba Oluoch hakuwa na shida ya kuzipata nzima, wala hakuwa mtu wa kumwibia kila mtu. Alikuwa anajua nani ampe nini, na siku ile ya jogoo alinitazama mimi akaamua.

Wewe utakuwa na chombo kizuri, na mimi nitakuwa nimepata jibu langu. Tangu asubuhi najaribu kukuombea, Achieng, na sijui nimwombe Mungu ukute nini mle ndani.

Mimi baba yako, nangoja simu.